Barabara ya 480 haikuangushwa na tetemeko

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nisahihishe jambo moja katika makala yenu kuhusu barabara ya juu ya Nairobi, ile ya kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands. Mwandishi wenu aligusia kwamba San Francisco nako kulikuwa na barabara ya namna hiyo kando ya maji, ikaangushwa na tetemeko la ardhi. Sivyo ilivyokuwa. Ninaishi Oakland, ng'ambo ya ghuba, na kosa hilo hulisikia hata kwa wenyeji wa huku, pengine kwa sababu ni rahisi kulaumu ardhi kuliko kukumbuka nani alipiga kura gani.

Barabara Kuu ya Jimbo Namba 480, iliyojulikana zaidi kama Embarcadero Freeway (neno embarcadero ni la Kihispania, maana yake gati), ilikusudiwa kuambaa ufuo wa jiji na kuyaunganisha madaraja mawili makubwa, Bay Bridge na Golden Gate. Kipande kilichofunguliwa mwaka 1959 kilikuwa zege la ghorofa mbili, magari ya kwenda yakipita ghorofa moja na ya kurudi nyingine, nacho kilipita mbele kabisa ya Ferry Building, jengo la vivuko la mwaka 1898 ambalo mnara wake ulilistahimili tetemeko la 1906. Aliyesimama Market Street akitazama upande wa maji hakuliona tena jengo lenyewe, bali saa ya mnara tu ikichungulia juu ya zege. Hasira za wakazi zilikuwa kubwa hata mwaka huohuo baraza la madiwani likakataa barabara saba kati ya kumi zilizopangiwa jiji hilo. Namba 480 ikaishia mtaa wa Broadway, ikiwa imekatika, na Golden Gate haikufika kamwe.

Hata hivyo, mwaka 1986 wananchi walipoulizwa kwa kura kama ibomolewe, walikataa. Waliichukia walipokuwa wakitembea kwa miguu, lakini wakiwa nyuma ya usukani waliihitaji.

Tetemeko la Loma Prieta, lenye ukubwa wa 6.9, lilipiga jioni ya tarehe 17 Oktoba 1989. Barabara iliyoanguka ilikuwa ya kwetu Oakland, Cypress, nayo ya ghorofa mbili, na watu 42 walifia humo kati ya 63 waliopoteza maisha katika tetemeko lote. Ile ya San Francisco iliharibika, ikafungwa, lakini ilibaki imesimama, na wahandisi walikuwa na njia ya kuiimarisha na kuirudisha kazini. Tetemeko liliwapa watu wa jiji miezi kadhaa ya kuishi bila barabara hiyo, wakaona kwamba foleni walizotishwa nazo hazikuwa kubwa kama walivyoogopa.

Meya Art Agnos akashikilia kwamba ibomolewe. Waliompinga kwa nguvu zaidi walikuwa wafanyabiashara wa Chinatown, mtaa wa Wachina, wakiongozwa na Rose Pak, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa: njia ya kushukia pale Broadway ndiyo iliyowaletea wateja kutoka upande wetu wa ghuba, na tangu ilipofungwa mauzo yao yalishuka. Mwaka 1990 madiwani walipiga kura, sita kwa watano. Naomba wasomaji waitazame hesabu hiyo, kwa maana diwani mmoja tu angegeuka, zege lile huenda lingekuwapo hadi leo. Ubomoaji ulianza Februari 1991, na mwaka huohuo namba 480 ikafutwa kwenye orodha ya barabara za jimbo. Agnos naye aliangushwa mwishoni mwa mwaka huo katika uchaguzi wa umeya, kwa tofauti ndogo, baada ya kupoteza kura za Chinatown.

Leo pale ilipokuwa pana barabara ya chini yenye mitende na reli ya tramu, na Ferry Building imekuwa soko la vyakula tangu 2003. Picha hizo ndizo zinazosambazwa. Isiyosambazwa ni kwamba watu wa Chinatown waliahidiwa reli ya chini ya ardhi kufidia njia waliyonyang'anywa, na kituo chao kilifunguliwa Novemba 2022, zaidi ya miaka 30 baadaye. Kimepewa jina la Rose Pak, ambaye alifariki mwaka 2016 bila kukitumia.

Kama makala hiyo bado ipo kwenye tovuti yenu, naomba sentensi ile irekebishwe isomeke kwamba barabara ilibomolewa kwa kura ya madiwani.

Msomaji wenu,
Oakland, California