Paka wa ndani: geuzeni pakiti msome nyuma

Mhariri, salamu.

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu kuhusu chakula cha paka anayeishi ndani, ile aliyosema we nunua tu pakiti iliyoandikwa "paka wa ndani" basi umemaliza kazi. Nilitaka ninyamaze ila nimeshindwa, maana hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya mimi miaka miwili mizima na nusura paka anifie mkononi.

Paka wangu ni dume, kahasiwa, hatoki nje kabisa, shughuli yake ni kulala dirishani na kunifuata jikoni. Tulimpa jina Simba ila watoto wakalibadilisha wenyewe wakawa wanamwita Bonge, na mi nacheka tu, sikushtuka kwamba watoto wameshaona kitu ambacho mi sikioni. Pakiti ilikuwa na picha ya paka kajilaza kwenye kochi, nikasema eeh huyu ndo wangu mwenyewe. Asubuhi najaza bakuli, jioni nikikuta limepungua naongeza, yani lile bakuli halikuwahi kukaa tupu.

Siku moja namwona anaingia kwenye trei ya mchanga, anachuchumaa, anatoka, anaingia tena, mara ya sita ya saba hivi, analia sauti ambayo sijawahi kuisikia, na mchanga mkavu. Mi nikajua kafunga choo, nikaanza kutafuta mafuta ya kumnywesha. Bahati jirani yangu ambaye kafuga paka miaka mingi akaniambia acha hayo mambo, mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi usingoje kesho. Kumbe mkojo umeziba. Paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba sana, ikiziba uchafu wote unarudi kwenye damu, na ndani ya siku moja mbili anaweza kufa. Akawekewa mpira wa mkojo, akalazwa.

Daktari hakulaumu chakula peke yake, alisema ni mchanganyiko wa uzito, kukaa tu bila kucheza, stresi, na maji kidogo mwilini. Ila akaniuliza swali moja likanikwamisha: anakula gramu ngapi kwa siku? Nikamjibu bakuli moja na kidogo. Akasema bakuli ni gramu ngapi? Kimya.

Nilivyorudi nyumbani nikatoa mizani ya jikoni, nikajaza bakuli kama siku zote nikapima: gramu 95, na hapo bado ile ya jioni. Nikageuza pakiti nyuma, maandishi madogo mpaka nikawasha tochi ya simu, nikakuta kalori 380 kwa kila gramu 100. Sasa paka aliyehasiwa anayekaa ndani, mwenye kilo 4 mpaka 5, kwa kawaida anahitaji kama kalori 200 mpaka 250 kwa siku. Yani gramu 60 hivi za kile chakula, ambazo ukizimimina bakulini unaona kama umemdhulumu. Bonge alikuwa na kilo 6.8.

Kwa hiyo hilo neno "paka wa ndani" halijaniokoa na chochote. Mara nyingi linamaanisha wamepunguza nguvu kidogo na kuongeza nyuzinyuzi za kusaidia manyoya anayoyameza akijilamba, sio vibaya, ila sio kundi maalum la lishe. Kwa mfano viwango vya AAFCO (chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama) vinavyotumika Marekani vina makundi mawili tu, la ukuaji na uzazi, na la paka mkubwa wa kawaida. Hakuna kundi la paka wa kwenye kochi. Mi siku hizi natafuta mambo matatu nyuma ya pakiti: kama kimeandikwa ni chakula kamili au cha nyongeza (cha nyongeza ni kama vitafunio tu, hakitoshi kuwa mlo), ni cha umri gani, na kalori ngapi. Kile cha paka mtoto kina nguvu nyingi, ni sawa mpaka mwaka mmoja hivi, ukiendelea nacho baada ya hapo kwa paka aliyehasiwa unamnenepesha mwenyewe. Na akizeeka au figo zikianza kuleta shida hapo ni daktari, usijichagulie.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni asilimia za protini. Unaona kopo limeandikwa protini 10, pakiti kavu imeandikwa 32, unasema la kopo ni maji matupu wanatuibia. Ni maji kweli, ila ondoa hayo maji kwanza ndo ulinganishe. Kopo lenye maji asilimia 80 limebakiwa na 20 za chakula chenyewe, na 10 kati ya hizo ni protini, yani nusu nzima. Pakiti yenye maji asilimia 8 imebakiwa na 92, na humo protini ni 32, kama asilimia 35. Umeona mambo yalivyogeuka? Na yale maji ya kwenye kopo ndo faida yenyewe, maana paka asili yake ni ya jangwani, kiu yake ndogo, maji mengi alikuwa anayapata kwenye windo lake, we ukimpa punje kavu tu ukategemea atakunywa ya kutosha kufidia, wengi hawafanyi hivyo. Sisemi chakula kikavu ni sumu, wangu bado anakula, asubuhi kikavu kilichopimwa, jioni cha kopo na naongezea vijiko viwili vya maji ya vuguvugu. Wale wanaokimbilia kilichoandikwa "hakina nafaka" nao waangalie, mara nyingi nafaka imetolewa ikawekwa viazi au njegere, wanga ni ule ule.

Kuna watakaosema bora nimpikie mwenyewe nyama. Hapo nina mashaka. Paka lazima apate taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, kutoka kwenye chakula, mwili wake hautengenezi ya kutosha, ikikosekana macho yanaharibika na moyo unalegea. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis ndo walionyesha kwamba paka waliokuwa wanapata ugonjwa wa moyo kutanuka walikuwa na upungufu wa taurini, na hao walikuwa wanakula vyakula vya viwandani vilivyotengenezwa na wataalamu, ndo makampuni yakaanza kuongeza. Sasa we na sufuria yako, unachemsha nyama, taurini inatoka nyamani inaingia kwenye supu, supu unamwaga, halafu unasema umempa cha asili? Kama lazima upike basi fuata mapishi ya daktari mwenye ujuzi wa lishe ya wanyama. Kitunguu na kitunguu saumu hapana kabisa, vinaharibu damu yake. Maini kila siku pia hapana, vitamini A inamzidi. Na chakula cha mbwa sio cha paka hata kama anakiiba kwa furaha.

Halafu jamani msije mkasoma hapa mkaenda kumnyima paka wenu ghafla. Paka mnene akikaa bila kula siku mbili tatu mafuta yanajazana kwenye ini na anaweza kufa, ile ya "akisikia njaa atakula tu" ni ya hatari. Mimi nilichanganya kipya na cha zamani kidogo kidogo kama siku kumi, na uzito nikaushusha taratibu, gramu 50 mpaka 60 kwa wiki, imechukua zaidi ya miezi sita. Sasa ana kilo 5.3, ukipapasa mbavu unazisikia, anarukia meza tena, na ananichukia kila jioni nikitoa mizani.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Mkiandika tena habari za paka tuwekeeni kwenye ukurasa sehemu ya nyuma ya pakiti, kwa maandishi makubwa, na muonyeshe namna ya kuisoma. Na ile picha mliyoiweka juu ya barua ya mwenzangu, paka analamba maziwa kwenye kisahani, naomba mtafute nyingine. Paka wengi wakubwa maziwa hayawakai, wanaharisha, na anayedeki ni sisi.

Msomaji wenu wa siku nyingi