Risala ya Wahitimu wa Uuguzi wa Chumba cha Upasuaji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako ukaja kujumuika nasi. Kazi tuliyosomea haijulikani sana, kwa sababu mgonjwa akifika kwetu analazwa usingizi, na akizinduka sisi tupo tunaosha vifaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kubwa tulilojifunza hapa ni kwamba ugonjwa wa tumbo unaohitaji upasuaji huhesabiwa kwa saa. Kidole tumbo kwa kawaida huanza na maumivu kuzunguka kitovu, kisha yanahamia chini upande wa kulia. Mgonjwa anakosa hamu ya kula, anatapika. Akimeza dawa ya maumivu na kujilaza, kinaweza kupasuka, uchafu na usaha vikamwagika tumboni, na tumbo likawa gumu kama ubao. Taifodi isiyotibiwa nayo, hasa ikifika wiki ya tatu, huweza kutoboa utumbo mdogo. Utumbo ukijisokota, au ngiri ikibanwa, damu haipiti. Mgonjwa akichelewa, utumbo huo unakuwa mweusi, na hapo daktari hana budi kukata kipande kilichokufa, pengine na kumfungulia mgonjwa njia ya choo ubavuni mwa tumbo.

Tunaulizwa mara nyingi: kwani sindano hazitoshi? Dawa husafiri ndani ya damu, na usaha uliokusanyika hauna mishipa ya damu. Mgonjwa anachomwa sindano kila siku na homa haishuki mpaka jipu lifunguliwe. Yapo pia maambukizi yanayotambaa chini ya ngozi na kuua nyama kwa kasi. Hayo hukatwa mpaka ifikiwe nyama hai inayotoa damu, na mara nyingi mgonjwa hurudishwa mezani siku ya pili kukaguliwa upya. Kutazama ni kazi. Mmoja wetu alitoka nje mara ya kwanza. Hatumtaji, ila amekaa mstari wa pili.

Si kila tumbo ni la kupasuliwa, na hilo tunalisema bila kuona haya. Vidonda vya tumbo vilikuwa vikipeleka watu wengi kwenye kisu, hadi Barry Marshall na Robin Warren walipoonyesha kwamba vingi husababishwa na bakteria, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Leo vingi hupona kwa vidonge. Kisu kimebakia hasa kwa kidonda kilichotoboka, au kinachovuja damu na kushindikana kuzuiwa kwa njia nyingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla tumbo halijafungwa, muuguzi huhesabu kwa sauti: shashi, sindano za kushonea, mikasi. Idadi isipolingana na ile ya mwanzo, msako unaanza, hata kama daktari amechoka na amenuna. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, na kuhesabu huku kumo. Sisi tunaiona ina thamani kuliko mashine nyingi za bei mbaya.

Hata hivyo, mashine moja inatukwaza. Vifaa vyetu vya mazoezi hutakaswa kwa mvuke wa nyuzijoto 121, na mtambo wa kufanyia hivyo ni mmoja tu. Ukigoma, mafunzo ya vitendo yanasimama, kwa kuwa hatuwezi kuzoea kushika chombo kichafu halafu tukategemea mikono ibadilike siku ya mgonjwa. Tunaomba utusaidie kupata mtambo wa pili, pamoja na mtungi wa oksijeni wa kufundishia. Maktaba tunaweza kuivumilia kwa sasa.

Baada ya kusema hayo, tunakukaribisha uzungumze nasi, kisha ututunuku vyeti.

Tunaomba kuwasilisha.