Kabla hujaitia sahihi barua ya umeneja

Kwenu vijana wetu mnaochapa kazi Nairobi, kuanzia maduka ya Tom Mboya hadi maofisi ya Upper Hill na viwanda vya Industrial Area,

Salamu zenu, wanangu. Nawaandikia ninyi ambao hamjatimiza miaka thelathini na tayari mmeitwa ofisini, mlango ukafungwa, mkaambiwa kampuni imewaona na sasa inataka kuwapa umeneja. Wengi hutoka humo na swali moja: je, mimi si mdogo mno? Swali hilo halikufikishi popote. Kuna wa miaka 24 anayeendesha zamu ya watu kumi na watano bila kelele, na kuna wa miaka 50 anayejificha stoo wateja wakianza kufoka. Uliza hivi: kazi hii inakuja na mamlaka gani, na inakuja na lawama za nani?

Kila mwezi meneja huulizwa mambo matatu. Lengo limefikiwa? Watu wamefika kazini? Pesa na mali zimetimia? Ili ajibu bila kubabaika, lazima awe na uwezo wa kupanga zamu na kuidhinisha likizo, wa kutumia kiasi fulani cha pesa bila kupigia simu makao makuu, na awe na sauti mtu anapoajiriwa, anapoonywa au anapoondolewa. Ukiuliza kama utakuwa na mamlaka utaambiwa "bila shaka", na hapo mazungumzo yatakwisha. Uliza kwa mfano: friji ya maziwa ikiharibika Jumapili saa nne asubuhi, naweza kumwita fundi na kumlipa shilingi ngapi bila kungoja Jumatatu? Mtu akikosa kazini siku tatu bila ruhusa, barua ya kumtaka ajieleze naiandika mimi au mnaiandika ninyi? Ukiona kila jibu linarudi kwa mwenye kampuni, au kwa shemeji yake, basi anatafutwa mtu wa kusimama mbele mawe yakirushwa. Kazi ya namna hiyo mimi nasema ikataeni, hata mshahara ukipanda mara mbili.

Jihadharini pia na neno kaimu. Serikalini, Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inataka ukaimu usipite miezi sita. Kwenye kampuni binafsi hakuna anayekuhesabia, ndiyo maana utamkuta mtu amekaimu mwaka wa pili kwa mshahara wake wa zamani, huku kila mtu akimwita meneja. Ukipewa ukaimu, barua itaje tarehe ya kuanza, tarehe ya kumalizika na marupurupu ya kila mwezi. Isipotaja, irudishe kwa adabu ijazwe.

Sasa pesa. Tuseme unalipwa 50,000 na barua inasema 65,000. Kwa viwango vya mwaka 2025, zile 15,000 zilizoongezeka zinakatwa hivi: akiba ya uzeeni ya NSSF asilimia 6, yaani 900; bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, yaani 412.50, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 225. Zinabaki 13,462.50, na hizo zinatozwa kodi ya mapato, PAYE, ya asilimia 30, ambayo ni 4,038.75. Kinachofika mkononi ni 9,423.75. Kama ulikuwa muuzaji ukipata kamisheni ya wastani wa 12,000 kwa mwezi, na umeneja hauna kamisheni, basi nyongeza yako ya kweli ni 3,000 kabla ya makato, kama 1,885 baada yake. Huo ni mshahara wa kufokewa na pande zote mbili kwa shilingi sitini na kitu kwa siku.

Na bado hujatoka nje ya mlango. Duka likifungwa saa tatu usiku, meneja hutoka wa mwisho, saa nne kasoro, baada ya kuhesabu pesa na kuzima mitambo. Nani anakufikisha Kayole au Githurai saa hiyo? Tuseme bodaboda au teksi inakula 300 zaidi ya nauli uliyozoea, siku 22 kwa mwezi: hizo ni 6,600, theluthi mbili na ushee ya zile 9,423. Ombeni usafiri wa usiku uandikwe ndani ya barua. Kampuni nyingi hukubali hili haraka kuliko kukubali kuongeza mshahara. Ulizeni vilevile kuhusu malipo ya saa za ziada, maana mara nyingi hukoma ukishaitwa meneja, na kuhusu chama cha wafanyakazi: ukiingia upande wa uongozi, kwa kawaida yale makubaliano ya pamoja yaliyokuwa yakikulinda hayakuhusu tena.

Mkopo wa sacco usiuguse kabla ya miezi sita kupita. Habari ya cheo hufika kijijini kabla ya mshahara wa kwanza, na kabla hujajua umekatwa ngapi utakuwa umeshaahidi karo ya watoto wawili na mchango wa harusi. Sheria inasema jumla ya makato isizidi theluthi mbili ya mshahara, lakini theluthi moja ya 65,000 Nairobi hii ni kodi ya nyumba na unga, basi.

Mahali pa hatari kuliko pote ni siku ya makabidhiano, na hapa naomba mnisikilize polepole. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Siku unapopewa umeneja wa tawi, sentensi hiyo mara nyingi huingia kwenye mkataba wako. Kijana akifurahia funguo hutia sahihi orodha ya mali aliyoikuta imechapishwa. Mwezi wa tatu wahesabu wanafika, katoni arobaini za mafuta ya kupikia hazionekani, na karatasi yenye jina lake inasema alizipokea. Huenda zilitoka kabla yake. Atalithibitishaje?

Kwa hiyo hesabuni. Duka lifungwe mapema kwa saa mbili, au hesabu ifanyike usiku, ninyi wawili, anayeondoka na anayeingia, pamoja na mtu wa uhasibu. Bidhaa ghali na zile ndogo za kutia mfukoni hesabuni moja moja; za magunia na katoni fungueni chache za juu na za chini, kwa sababu katoni tupu hupangwa chini. Pesa za kasha hesabuni kwa noti, muandike noti ngapi za elfu, ngapi za mia mbili. Risiti zilizomo kwenye kasha badala ya pesa ziorodheshwe kila moja na tarehe yake. Karatasi iliyoandikwa "nimekopa" bila sahihi si risiti. Andikeni mali iliyoharibika, madeni ya wauzaji wa jumla na mizigo iliyoagizwa haijafika. Wote watatu mtie sahihi kila ukurasa, kila mmoja abaki na nakala, na yako ilale nyumbani.

Kisha kuna vitu ambavyo havionekani kwenye rafu. Simu inayopokea ujumbe wa malipo ya M-Pesa ya duka iko mikononi mwa nani? Nywila za mfumo wa mauzo zimebadilishwa? Meneja aliyeondoka bado ni mtia sahihi benki? Nywila ya zamani ikiendelea kutumika wiki mbili baada yako kuingia, punguzo zote zilizoidhinishwa kwa jina hilo zitaulizwa kwako. Zibadilishwe siku ileile, kabla ya chai.

Na mtu akikwambia anakufanya mkurugenzi, muulize mkurugenzi wa kadi au wa msajili wa makampuni. Jina lako likiingia kwenye CR12, ile hati ya msajili inayoorodhesha wakurugenzi wa kampuni, una wajibu wa kisheria chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015, na kijana wa miaka 26 anaweza kujikuta akitia sahihi dhamana ya mkopo ambao hajawahi kuuona. Hapo tafuteni wakili kwanza.

Upande wa watu, hofu yenu kubwa najua ni kumwongoza aliyekuzidi umri. Mama anayeendesha kaunta tangu wewe uko shule ya msingi hataki umwogope wala umwamuru. Endelea kumwita mama, au mzee, kama ulivyokuwa ukimwita juzi. Wiki ya kwanza kaa naye dakika ishirini umuulize kazi yake inakwama wapi, uandike anachosema mbele yake, kisha tengeneza moja la hayo kabla ya Ijumaa. Kosa lake lisemwe faraghani, kwa sauti ya chini, lakini lisemwe siku hiyohiyo: "Mama, leo mashine ilifungwa dakika kumi mapema. Kesho naomba tufunge pamoja." Ukinyamaza kwa heshima, vijana wenzako wataona sheria ina watu wake, na hutawarudisha.

Mikutano iendesheni kwa Kiswahili. Salamu mbili tatu za lugha ya nyumbani na mtu wa kwenu zinatosha kufanya kila zamu utakayopanga isomwe kikabila. Ratiba ya zamu ibandikeni ukutani siku saba kabla, usiku na Jumapili zikizunguka kwa zamu sawa, ili anayelalamika ahesabu mwenyewe. Kile kikundi cha WhatsApp mlichokuwa mkimsengenyea bosi, ondokeni kwa ujumbe mmoja wa heshima. Kwenye kibanda cha chapati na ndengu endeleeni kula nao, ila mkumbuke sasa mnajua mishahara yao.

Jambo moja la kisheria linalowagharimu mameneja wachanga ni kufukuza kwa hasira. "Kesho usije" iliyotumwa kwa simu usiku si barua ya kuachisha kazi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, na maelezo yake yasikilizwe kabla ya uamuzi. Mahakama ya Ajira ikiona hayakufanyika, inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi kumi na miwili, na kampuni itaanza kutafuta ni nani aliyetuma ule ujumbe.

Kinachowaangusha wengi, hata hivyo, si sheria wala wazee. Ni kwamba walipandishwa kwa sababu ya ufundi wao, na wakaendelea kufanya ufundi. Watu wanane, kila mmoja nusu saa ya mazungumzo kwa wiki, ni saa nne. Ratiba, ripoti, mikutano ya juu na malalamiko vitakula saa kumi na mbili nyingine bila hata kugombana na mtu. Kati ya wiki ya saa 45 umebaki na 29, nawe bado unashika wateja wako wote wa zamani. Basi kabla ya kukubali, uliza: kazi yangu ya sasa anaichukua nani, na lini? Jibu likiwa "tutaona", unapewa kazi mbili.

Kama unapenda ufundi wenyewe, iwe programu, mitambo au hesabu, kukataa si aibu. Usiseme hujawa tayari, maana neno hilo hukaa kwenye faili. Sema kazi unayoifanya sasa itapungua vipi ikishikwa na mwingine, na ujitolee kuongoza mradi mmoja wa miezi mitatu wenye watu watatu. Utajijua humo, nao watakujua. Na wanaokubali, ombeni mlango wa kurudi: baada ya miezi sita, upande wowote ukiona haifai, unarudi nafasi yako ya awali kwa mshahara wake wa awali. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinataka mabadiliko ya masharti ya kazi yafanywe kwa kushauriana nawe na ujulishwe kwa maandishi, kwa hiyo kuomba maandishi si jeuri. Binti zangu, mkiulizwa kama mna mpango wa kuzaa karibuni, jueni likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili iko palepale, umeneja hauiondoi.

Wakitaka jibu kesho, omba siku tatu za kazi. Moja ya kufanya hesabu ya hapo juu kwa tarakimu zako, moja ya kumwonyesha barua mtu anayesoma mikataba, na ya tatu ya kumtafuta aliyeshika nafasi hiyo kabla yako. Ukisikia wameipitia watatu ndani ya miaka miwili, mpigie hata yule wa kwanza. Mnunulie chai, na kabla ya yote muulize alikuwa akifika nyumbani saa ngapi.

Mzee wenu,
Buruburu, Nairobi