Barua kwa mwanangu: ile riba ya mkopo ni yako kudai

Mwanangu mpenzi,

Najua wiki hii una rundo la mitihani ya kusahihisha kwa hiyo soma hii ukishatulia, hata ikiwa ni usiku. Kuna jambo limeninyima usingizi tangu Jumapili na linahusu ritani zako, zile fomu za kodi unazotuma kila mwaka, za miaka iliyopita hasa.

Unajua tangu umalize chuo mimi ndio nalipa ule mkopo wako wa masomo, kila mwezi unakatwa kwenye akaunti yangu mwenyewe. Sasa miaka yote hiyo mimi nilikuwa nawaza hivi, mama hawezi kudai riba, yaani kuiondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa sababu mkopo sio wake, ulipouhamishia benki uliandika jina lako peke yako na sahihi yangu haipo popote, na mtoto naye hawezi kudai kwa sababu hajalipa hata senti, basi haina mwenyewe, nikaiacha. Kumbe nilikosea kabisa. Jumapili nilimsindikiza mama mmoja tunayesali naye kwa wale wa VITA, mpango wa watu wa kujitolea wanaojazia watu ritani bure, nikawa nimekaa tu pembeni, nikamsikia dada mmoja wa pale anamwambia kijana mmoja kwamba kwa sheria ya Marekani mtu akikulipia mkopo wako wa masomo inahesabiwa kama amekupa wewe zile hela halafu wewe ndio umelipa. Riba unadai wewe. Sharti usiwe umeandikwa kama mtegemezi wa mtu, na mimi nilikutoa kwenye ritani yangu tangu ulipoanza kazi. Nilimuuliza mara mbili nihakikishe nimesikia vizuri.

Najua utasema mama mimi huwa nachukua lile punguzo la jumla, kiasi kimoja ambacho kila mtu anaruhusiwa kuondoa kwenye mapato, sina cha kuorodhesha. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea mwanangu, naomba unielewe. Lile la jumla ambalo mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600 kwa mtu ambaye hajaoa, linachukua nafasi ya kuorodhesha vitu kama riba ya nyumba, ukichukua hilo basi hivyo vingine umeviacha. Lakini riba ya mkopo wa masomo haikai huko, inatolewa juu kabla hujafika kwenye lile la jumla, iko kwenye Schedule 1, ile karatasi ya nyongeza ya ritani, kwa hiyo unapata vyote viwili. Mwisho ni dola 2,500 kwa mwaka, na kwa mtu ambaye hajaoa mwaka 2024 ilikuwa inaanza kupungua mapato yakipita dola 80,000 na kuisha kabisa kwenye 95,000, wewe hujafika huko.

Nimepiga hesabu kwa ile karatasi ya mkopo uliyonitumia. Riba ya mwaka mmoja ni kama dola 1,900. Usifikiri watakurudishia 1,900, hapana, wanaziondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi na wewe uko kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 12, kwa hiyo ni dola 228 hivi. Miaka mitatu ni karibu 700. Hiyo ni hela yako ya halali.

Usitegemee kadirio langu lakini. Ingia kwenye akaunti ya mkopo, sio barua pepe, ingia kwenye akaunti yenyewe utafute mahali wanapoweka karatasi za kodi, utaona fomu inaitwa 1098-E ya kila mwaka, inaonyesha riba iliyolipwa. Benki inalazimika kuitoa riba ikifika dola 600, na wewe ulichagua usitumiwe barua za karatasi ndio maana hujawahi kuiona.

Halafu kuna lingine. Mwezi uliopita nilipofungua buti la gari lako nilikuta lile boksi, madaftari, kalamu za ubao, vile vitabu vya hadithi ulivyonunua kwa sababu shule ilisema hela imeisha. Mwalimu wa shule anayefanya saa 900 au zaidi kwa mwaka wa shule kwa mwaka 2024 aliruhusiwa kuondoa hadi dola 300 za vitu alivyonunulia darasa na asirudishiwe, hii nayo inatoka juu, huhitaji kuorodhesha. Ila risiti zilizokuwa mle nilizishika, mbili zimeshakuwa nyeupe kabisa huoni kitu, zile karatasi zinafifia haraka zikipata joto. Zilizobaki zipige picha leo. Za zamani pitia taarifa ya kadi yako mwezi kwa mwezi, ukumbuke kipi kilikuwa cha darasa na kipi cha nyumbani, cha nyumbani usikiweke, hata kama hakuna atakayejua.

Ritani ulizokwisha tuma zinarekebishwa kwa fomu 1040-X, kila mwaka na fomu yake. Unahesabu miaka mitatu tangu ulipotuma, na kama ulituma mapema kama kawaida yako wanahesabu tangu ile siku ya Aprili ambayo ni mwisho wa kutuma ritani. Ndio maana nakuharakisha, kila Aprili ikipita mwaka mmoja unafungwa na ule wa kwanza kabisa ulipoanza kazi umeshafungwa, tumeupoteza, na hilo linaniuma kwa sababu ni mimi nilikuwa na uhakika na kitu ambacho sikuwahi kumuuliza mtu. Anza na ule wa zamani zaidi ambao bado uko wazi. Majibu yanachukua wiki 8 hadi 12, wakati mwingine 16, usianze kuwa na wasiwasi ukiona kimya.

Tarehe na kiasi cha kila malipo niliyofanya nimekuandikia kwa mkono kwenye daftari, mwaka kwa mwaka, kurasa nne. Nazipiga picha sasa hivi nakutumia. Ukizipata linganisha na zile 1098-E, kama kuna mwezi haulingani nipigie hata kama ni saa tano usiku.

Mama yako.