Ukibadili maana ya fankisheni, badili na jina lake

Mhariri,

Salamu toka huku Mwanza. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua mmezoea kupokea za barabara na maji ila hii ni ya kodi za kompyuta, yaani maagizo tunayoiandikia mashine (sio zile za TRA), na nimeamua kuwaandikia kwa sababu kila mara kwenye gazeti lenu naona picha ya kijana kabuni app mpya, kashikishwa hundi kubwaaa ya karatasi ngumu, viongozi pembeni wanatabasamu, lakini sijawahi kuona picha ya mtu anayetunza programu ya zamani isife. Huyo hana hundi. Na huyo ndo anayetushikia dunia hii jamani.

Mi natengeneza taa za wavuvi wa dagaa, hizi za sola zilizochukua nafasi ya karabai. Ndani ya kile kiboksi cha taa kuna chipu ndogo inayosoma betri, inawasha, inazima, basi. Programu yake tunaandika kwa lugha ya C, ila hatuandiki kila kitu wenyewe, tunatumia laibrari, yaani fungu la kodi aliloandika mtu mwingine zenye kazi za chini kabisa zinazogusa vyuma: soma volti, washa pini hii, subiri kidogo. Sisi wa juu tunaita tu majina. Kwa hiyo jina ndo kila kitu, ndani ya laibrari hatuchungulii na wengine hatuna hata uwezo wa kuchungulia maana imekuja imefungwa.

Sasa kuna muuzaji mmoja wa vifaa, jina naliacha, alitoa laibrari pamoja na bodi zake. Ndani kulikuwa na fankisheni, yaani kazi moja iliyopewa jina, inaitwa batt_read, ukiiita inakurudishia volti mara kumi, yaani betri ikiwa na volti 11.7 unapata 117. Sawa, hakuna shida. Mafundi tukaandika kwenye programu zetu kwamba namba ikishuka chini ya 105 zima taa, maana betri ya asidi ya volti 12 ukiinyonya ikapita chini ya 10.5 unaiua taratibu. Ikaja vesheni mpya. Jina lile lile, mabano yale yale, ila sasa inarudisha milivolti, pale ulipokuwa unapata 117 unapata 11700. Kompaila, ile programu inayogeuza kodi yetu iwe lugha ya chipu, haikusema chochote, kwake hizo zote ni namba tu. Chipu ikapokea, taa ikawaka vizuri kabisa pale mezani, kila mtu akafurahi, mizigo ikaenda visiwani. Na 11700 haiwezi kuwa ndogo kuliko 105, wala 9000 haiwezi, wala 6000, kwa hiyo taa haizimi, inanyonya mpaka tone la mwisho.

Wavuvi wakarudi asubuhi na betri zimekufa, wengine ni betri za mkopo hata marejesho hayajafika nusu. Na mvuvi wa dagaa anategemea giza, mwezi ukiwa mkubwa anakaa nchi kavu, sasa ukimharibia usiku wa giza umemharibia mwezi mzima. Waliotukanwa pale mwaloni Kirumba ni mafundi, sio muuzaji. Tulipompigia akatujibu kwa upole kabisa kwamba mbona mabadiliko yameandikwa kwenye maelezo. Ni kweli yameandikwa, mwishoni huko mwa PDF ndefu ya Kiingereza, chini ya jedwali la rangi za nyaya.

Hapa ndo penye hoja yangu. Hakuna ubaya kuhamia milivolti, milivolti ni nzuri kuliko volti mara kumi, hata mi ningechagua hivyo. Ubaya ni kubadili maana na kuliacha jina. Angeiita mpya batt_read_mv, ile ya zamani akaiacha ifanye kazi kama zamani, hakuna betri hata moja ingekufa. Au kama ameichoka kabisa ya zamani aiondoe, programu zetu zingegoma kujengwa, kompaila ingepiga kelele palepale mezani tukiwa na chai, sio katikati ya ziwa usiku. Kompaila kukataa ni msaada mkubwa sana kwa fundi, shida ni ikikubali halafu imekosea kimya kimya.

Huu ugonjwa wa vipimo sio wa kwetu tu. Kwenye Unix, mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta, kuna fankisheni ya kusubiri inaitwa sleep inayopokea sekunde, kuna usleep ya maikrosekunde, kuna nanosleep ambayo hata haipokei namba moja, inataka muundo wa sekunde na nanosekunde. Ukienda Windows kuna Sleep yenye S kubwa, hiyo ni milisekunde, na kwenye Arduino, zile bodi ndogo za kujifunzia, delay nayo ni milisekunde. Sasa kijana anahamisha kodi toka mashine moja kwenda nyingine, anaandika sleep(500) akijua ni nusu sekunde, kitu kinalala dakika nane na zaidi, anaanza kufungua bodi anatafuta waya uliokatika. Na wakubwa nao yamewakuta, mwaka 1999 NASA walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazisoma kama newton. Namba ilikuwa sahihi kabisa. Haikuwa na kipimo tu.

Najua kuna watakaosema mbona wazee wenyewe wa Unix waliita vitu hovyo. Kweli, amri ya kutengeneza faili inaitwa creat, haina e mwishoni, na Ken Thompson aliyeianzisha Unix na Dennis Ritchie pale Bell Labs aliwahi kuulizwa angeanza upya angebadili nini, akajibu angeiweka ile e. Lakini angalia, e haijawekwa mpaka leo na haitawekwa, kwa sababu jina likishatoka nje sio la kwako tena, ni la watu wote walioliandika kwenye kazi zao. Hapa mjini kuna vituo vya daladala vinaitwa kwa jina la kitu kilichovunjwa zamani, konda analitaja, abiria anashuka, hakuna anayepotea, ukienda kulibadilisha kwa sababu eti jengo halipo utawapoteza watu wazima na akili zao. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, ana msimamo huo huo na huwa mkali kweli, mabadiliko ya kerneli (kile kiini cha mfumo) yakivunja programu ya mtumiaji iliyokuwa inafanya kazi, kosa ni la kerneli, hata kama programu ilikuwa inaitumia vibaya.

Alafu wale wazee walikuwa na sababu. Kiwango cha C cha mwaka 1989 kiliwahakikishia herufi 6 tu za mwanzo kwa majina yanayoonekana nje ya faili, maana linka, zile programu zinazounganisha mafaili yaliyojengwa, za wakati ule zilikuwa hazimudu zaidi. Hesabu mwenyewe majina ya fankisheni za C: strlen, strcpy, memcpy, malloc, printf. Sita, sita, sita. Vesheni ya 1999 ikapandisha mpaka 31. Sasa wewe kijana wa leo una herufi 31 mkononi na laptopu ya memori kibao unaita fankisheni yako rdbtv2 unamkomoa nani?

Ila urefu peke yake hautoshi, jina linaweza kuwa linasomeka vizuri na likadanganya. Mfano mbaya kuliko yote kwangu ni strncpy, fankisheni ya kunakili maneno. Ukiiona unasema aah hii ni strcpy iliyowekewa kikomo, hii ni salama, kumbe maneno yakizidi nafasi haiweki ile sifuri ya mwisho inayoonyesha maneno yameishia hapa, kwa hiyo atakayesoma baadae anasoma anapitiliza mpaka kwenye memori isiyomhusu. Watu wa OpenBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, walileta strlcpy mwaka 1998 kurekebisha hilo, kwa jina jipya, hawakuigusa maana ya ile ya zamani. Ikaja kuingia kwenye glibc, laibrari ya C ya Linux, mwaka 2023. Miaka 25 ya kubishana bana, lakini programu za watu hazikuvunjika.

Huku kwetu nimeona laibrari za vijana zina washa, washa2, washa_mpya, washa_mpya_final, na zote bado zinatumika, na aliyeandika mwenyewe hakumbuki tofauti ya ya pili na ya tatu. Nimeona laibrari mbili, ya sensa ya maji na ya modemu, kila moja ina fankisheni inaitwa init, ukiziunganisha pamoja linka inakataa kwa sababu C haina chumba cha kutenganisha majina, yote yanakaa ukumbi mmoja. Dawa yake ya siku nyingi, weka jina la laibrari mbele. Laibrari ya kuhifadhi data ya SQLite, kila kitu chao kinaanza na sqlite3_, sqlite3_open, sqlite3_close, mpaka namba ya kizazi wameiweka kwenye jina ili cha zamani na kipya viweze kukaa kwenye programu moja visigombane. Kuhusu Kiswahili au Kiingereza kwenye majina, mjadala huo unachosha, chagua kimoja usichanganye washa_taa na turnOffLight kwenye faili moja, tuendelee.

Kwenye kutunza sasa. Kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na pale namba hiyo ilipowekwa kwenye biti 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, baada ya hapo saa inarudi mwaka 1901. Sio hadithi, vifaa vingi vidogo vinavyofungwa leo kwenye pampu na mita vitakuwa bado vipo. Watu wa Debian, wanaosambaza Linux, mwaka 2024 walihamishia muda kwenye biti 64 kwa mashine nyingi za biti 32, na muda ukibadilika ukubwa laibrari mpya na programu ya zamani haziwezi kuelewana, kwa hiyo wakapitia mamia ya laibrari wakabadilisha majina ya paketi, libssl3 ikawa libssl3t64 na kadhalika. Majina mabaya kuyaangalia, kweli. Lakini maana imebadilika na jina limebadilika, mfumo unakataa kuchanganya. Kitu hicho hicho alichotakiwa kufanya muuzaji wetu wa betri, kilifanywa na watu ambao wengi wao hawalipwi chochote kwa kazi hiyo.

Kutokulipwa nako kuna hatari yake. Mwaka huo huo wa 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine yake kwa ssh (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde hivi, mwingine angesema mtandao, yeye akachimba akakuta mlango wa siri umewekwa kwenye xz, laibrari ndogo ya kubana mafaili iliyopo karibu kila mashine ya Linux, vesheni 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alijiita Jia Tan. Hakuvunja kitu, alikuja kwa zaidi ya miaka miwili anasaidia, anatuma marekebisho mazuri, huku akaunti nyingine zikimsema mtunzaji kwamba anachelewa, aachie wengine, na mtunzaji mwenyewe alikuwa anaifanya kama hobi bila malipo na amechoka. Mtu mmoja kachoka, nusu ya intaneti ikawa rehani. Ndo maana hizo hundi za karatasi ngumu zinanikera.

Ombi langu kwa vyuo vyetu vya hapa Mwanza na kwingineko ni moja. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaandika projekti mpya toka sifuri, anaipresenti kavaa tai, anapewa maksi, wiki ijayo imekufa kwenye flashi. Mwakani mwingine anaanza upya mfumo ule ule wa hosteli. Wapeni nusu ya darasa projekti za waliotangulia. Mtihani uwe huu: ongeza kitu kimoja, rekebisha mawili, kisha programu zote za zamani zilizokuwa zinaitumia zijengwe bila kuguswa na zitoe majibu yale yale. Atakayebadili maana na kuacha jina, apewe sifuri. Nina hakika wengi watalia mwanzoni, na wahadhiri pia watalia kwa sababu kusahihisha kazi ya hivyo ni kazi kweli.

Na ninyi gazetini, mkipata nafasi tafuteni mtu mmoja anayetunza kitu cha miaka, mumpige picha hata bila hundi. La mwisho, naomba mkichapa barua hii yule anayesahihisha asije akaondoa vile vistari vya chini kwenye batt_read_mv na washa_taa akaweka nafasi, vile ni sehemu ya jina.

Wenu,
Fundi wa taa za dagaa
Kirumba, Mwanza