Usiwakimbize Ngisi

Mombasa

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote wanakusalimu. Remiksi yako ya muziki wa majini wa ile gemu ya Super Mario Bros. nimeisikiliza, kwanza kwa simu, kisha kwa spika kubwa, maana muziki wa kuchezwa hauhukumiwi kwa simu. Ulisema nisikuonee haya. Haya basi.

Sauti umezichagua vizuri, na ngoma ya chini inagonga kifua. Lakini wimbo wenyewe umeuvunja mgongo. Koji Kondo alipoutunga, gemu ikatoka 1985, aliupa mwendo wa walzi: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Ndiyo maana Mario akiingia majini tunamwona anaelea, na wale ngisi weupe wanapanda na kushuka kama walioalikwa. Wewe ukataka haus, muziki wa disko, ya mapigo manne kwa kasi ya mapigo 128 kwa dakika, na ili hesabu itimie ukalivuta kila pigo la tatu liwe refu maradufu. Hapo ndipo wimbo unapokwama. Mwili unataka kuzunguka, unaambiwa subiri. Kila kipimo, subiri tena.

Na hata hukulazimika! Iache melodi na tatu zake, kisha ndani ya kila kipimo piga ngoma mbili tu, zigawane nafasi sawasawa. Ngoma ikibaki 128, melodi itakwenda 192: imechangamka, ila haijakimbizwa. Ukiniambia hilo halichezeki nitakucheka, wewe mzaliwa wa Mji wa Kale. Chakacha ni nini kama si mbili na tatu zinazotaniana? Kina mama wanazungusha viuno juu yake usiku kucha, wala hakuna anayehesabu. Makofi yatue kwenye ngoma ya pili, matoazi yafuate tatu.

Besi sasa. Kwenye mashine ya Nintendo ilitoka katika chaneli ya pembetatu, yaani njia ya sauti yenye wimbi la umbo hilo, ambayo haina pa kupunguzia sauti: ama inalia, ama imenyamaza. Kwa hiyo uhai wote ulikuwa katika kujua lini unyamaze. Yako haipumui; umeijaza pomoni, inagombana na ngoma ya chini mpaka spika zinakoroma. Fupisha noti, au ishushe kila ngoma inapopiga. Mwangwi nao punguza, melodi inazama. Na ile sauti ya sarafu uliyoipachika kila baada ya vipimo vinane, itoe. Sina maelezo, itoe tu.

Pale katikati ulipoondoa ngoma zote, ikabaki melodi peke yake kwa sauti mbichi ya chipu, walzi hukuigusa. Sahibu, pale umeweza. Nilirudia na kurudia. Ile sauti ya pili uliyoiongeza kwa chini, inayochelewa kidogo kuingia, ni yako mwenyewe na ni nzuri; Kondo hakuiweka, na sasa nikicheza gemu naikosa. Ngoma ziliporudi niliudhika kweli. Mimi ningefuta yote yaliyotangulia nikaanzia hapo.

Nitumie melodi na besi, kila moja na faili yake, usinitumie zikiwa zimeshachanganywa. Ninayo rekodi ya ngoma za vumi na chapuo, nataka kuziweka chini ya hiyo walzi kabla hujagusa kitu kingine.

Wako wa siku zote