Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mguu Usiouma

Ndugu wanachama, sisi tulioumia uti wa mgongo tukapooza miguu, na ninyi mnaotuuguza nyumbani, salaam.

Desturi yetu ni kuanza na hesabu. Mwaka huu hesabu zitangoja, kwa sababu tulimzika mwenzetu na kilichomwua hatujakizungumza kikaoni.

Alikuwa kijana wa boda hapa Busia. Aliumia shingo, akalazwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani wiki ya sita. Alipewa karatasi ya kurudi kliniki. Kuhusu damu kuganda hakuambiwa neno, wala sindano za kuizuia hakuendelea nazo. Ijumaa moja mama yake alipokuwa akimwogesha aliona mguu wa kushoto umejaa, ngozi inang'aa, ina joto. Kijana hakulalamika, maana mguu huo hakuuhisi. Wakachemsha maji, wakamkanda na kumchua. Jumapili alfajiri akaanza kuhema, akasema kifua kinambana. Gari lilipopatikana alikuwa ameshatutoka. Mwili haukupasuliwa, lakini daktari tuliyemsimulia alisema dalili zote ni za bonge la damu lililong'oka mguuni likaziba mshipa wa pafu. Simlaumu mama yule hata kidogo. Mimi mwenyewe nilishakandwa hivyohivyo.

Mashavu ya miguu ndiyo pampu ya kurudisha damu juu. Mtu akitembea, nyama zinabana mishipa, damu inapanda. Kwetu sisi pampu imelala, damu inatuama, na mwili uliotoka kuumia unaigandisha damu upesi kuliko kawaida. Ndiyo maana miezi 3 ya kwanza ni ya hatari kabisa, na wiki 2 za mwanzo kupita zote. Miongozo ya madaktari inataka dawa ya kuzuia kuganda iendelee kwa angalau wiki 8 tangu kuumia, isipokuwa kama kuna sababu ya kuizuia, kama vile kutoka damu. Basi ukimtembelea mgonjwa mpya wodini, muulize daktari mbele ya ndugu zake: sindano zinaisha lini, na akitoka atazipata wapi?

Sisi wa zamani hatari imetupungua, haijatuacha. Inarudi tukifanyiwa upasuaji, tukivunjika mfupa, au tukilala kitandani kwa kidonda au homa. Kwangu ilirudi mwezi wa nne, nilipolalia tumbo wiki tatu kwa kidonda cha makalio. Mke wangu alinipima kwa futi ya fundi cherehani, akanyamaza, akapima tena. Shavu la mguu wa kulia lilizidi la kushoto kwa sentimita 4. Tulikwenda Mbale siku ileile, kipimo cha mawimbi ya sauti kikaonyesha bonge, nikaanzishiwa warfarini, vidonge vya kuzuia damu kuganda. Hiyo nayo ina masharti: damu hupimwa mara kwa mara, na mboga za majani kama sukuma wiki na nakati usile leo nyingi kesho usiguse kabisa.

Kwa ajili hiyo kamati ilinunua futi kwa kila nyumba. Wapo waliosema ni pesa iliyopotea. Sikubaliani nao, na nitalisema hilo tena mkutanoni. Pima sentimita 10 chini ya kile kifundo cha mfupa kilicho chini ya goti, miguu yote miwili, kila Jumapili, uandike. Tofauti ikizidi sentimita 3, au mguu mmoja ukipata joto au wekundu, usichue, usikande, nenda hospitali. Inaweza kuwa mfupa uliovunjika bila wewe kujua, na hilo pia linataka daktari. Misuli ikianza kukakamaa kuliko ulivyozoea, au homa ndogo ikikaa bila sababu, tazama miguu. Walioumia juu, shingoni na kifuani, wakiumwa kichwa ghafla na kutoka jasho, wasingoje asubuhi. Kuhema ghafla au kukohoa damu ni dharura, hata saa nane ya usiku.

Mengine kwa ufupi. Ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana. Mweka hazina atasoma hesabu. Barua ya kuomba viti vya magurudumu imefika wilayani, tunangoja jibu. Njia ya kuingilia ofisini imesakafiwa.

Mkutanoni muuguzi atatufundisha kupima. Kila mmoja aje na anayemuuguza, alete daftari lake, na avae nguo inayopandishika hadi juu ya goti.

Mwenyekiti wenu